Rekodi na maajabu ya kahawa duniani: zipi za kweli, na zilifanyikaje?

Kaskazi72

Wakuu, salamu. Nawaomba mnaoijua kahawa kwa undani mnisaidie. Nakusanya rekodi na maajabu ya kahawa yasiyo ya kawaida kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi wa sekondari. Orodha nyingi zinazozunguka mtandaoni zimenakiliana tu: tarakimu haina mwaka, "kikombe kikubwa kuliko vyote" hakielezwi kilijazwaje, na hadithi za wafalme zinasimuliwa bila kusema zimetoka wapi.

Nataka vitu vyenye mahali, mwaka na maelezo ya namna vilivyofanyika. Na kama lipo ajabu linaloweza kuonyeshwa mezani kwa vifaa vya kawaida, nitashukuru zaidi, mradi mniambie pia kinachoharibika na sababu yake. Rekodi za kunywa kwa kasi au kunywa vikombe vingi sizitaki, watoto wasije wakaiga.

MdilaMkubwa

Mwalimu, anza na vikombe vikubwa, maana ndivyo vinavyonukuliwa vibaya kuliko vyote. Julai 2014 kampuni ya Caffè Bene ilijaza kikombe cha zaidi ya lita 14,000 huko Yangju, Korea Kusini. Juni 2019 mji wa Chinchiná, Kolombia, ukavuka lita 22,000. Rekodi za namna hii huvunjwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo usiandike tarakimu bila mwaka wake.

Wanafunzi wapigie hesabu, hapo ndipo ukubwa unapoonekana. Lita 22,000 ni meta 22 za ujazo, yaani silinda yenye kipenyo cha meta 3 na kina cha meta 3 na ushei. Kila meta moja ya mraba ya sakafu ya kikombe hicho inabeba tani 3 za kahawa, na kuta zinasukumwa nje kwa nguvu zaidi kadiri unavyoshuka chini. Ndiyo maana kitu kinachoitwa kikombe huwa kwa kweli ni tangi lililotengenezwa na wahandisi, likapewa umbo la kikombe na mkono wake.

Kwa kipimo cha kawaida cha gramu 60 kwa lita, zinahitajika kilo 1,320 za kahawa iliyosagwa. Machicha nayo hunyonya maji karibu mara mbili ya uzito wa kahawa kavu, kwa hiyo ili upate lita 22,000 kikombeni lazima uchemshe kama lita 24,600. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 20 hadi 93 kunataka takribani kWh 2,100 za nishati, bila kuhesabu joto linalopotea njiani.

Kinachoharibu zaidi ni muda. Hakuna chombo kimoja cha kupikia kiasi hicho kwa mkupuo, kwa hiyo hupikwa kwa mafungu, na fungu la kwanza linakaa likisubiri la mwisho. Kahawa ikikaa kwenye joto kali kwa saa nyingi, asidi zake huvunjika na kuachia asidi ya kwiniki, ile inayoleta uchachu mkavu na ukakasi mdomoni. Njia nzuri ya kulikwepa hilo ni kuifanya ya baridi: unapika kahawa nzito, unaipoza, kisha unaongeza maji na barafu siku yenyewe. Kikombe cha Yangju kilikuwa americano (espreso iliyoongezwa maji) ya barafu. Guinness World Records pia hutaka chakula cha rekodi kiwe kinafaa kuliwa na kisitupwe, na lita 22,000 ni watu 110,000 wakinywa mililita 200 kila mmoja. Panga ugawaji kabla ya kupanga upishi.

PunjeKwaPunje

Upande wa sanaa yupo Saimir Strati, msanii wa Albania, aliyetengeneza picha ya punje za kahawa huko Tirana mwaka 2011, yenye meta za mraba kama 25. Zilitumika punje zipatazo milioni moja, uzito wa kilo 140. Tarakimu hizo mbili zinakubaliana: gramu 140,000 ukigawanya kwa milioni moja unapata gramu 0.14, na huo ndio uzito halisi wa punje moja iliyokaangwa.

Rangi zinatokana na moto. Buni mbichi ni kijani cha kijivu, iliyokaangwa kidogo ni kahawia hafifu, na iliyopita mpasuko wa pili (mara ya pili punje zinapolia kwa kupasuka motoni) ni karibu nyeusi. Ukijaribu na wanafunzi, usitumie punje zilizokaangwa sana kwenye maeneo makubwa. Zinatoa mafuta juu ya ganda na gundi haishiki. Baada ya siku chache zinaanza kudondoka. Kwa rangi nyeusi chukua zilizokomea kabla mafuta hayajatokeza, na ubandike upande ule bapa wenye mfereji.

Obiti

Espreso ya kwanza angani ilinywewa tarehe 3 Mei 2015, na mwanaanga Mwitaliano Samantha Cristoforetti, ndani ya kituo cha kimataifa cha anga za juu. Mashine iliitwa ISSpresso, kazi ya Lavazza na kampuni ya uhandisi ya Argotec. Ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Mashine za kawaida hupitisha maji ya moto yenye mgandamizo kwenye mrija wa plastiki. Hii iliwekewa mrija wa chuma unaohimili zaidi ya bari 400, ingawa espreso yenyewe inataka bari 9 tu. Sababu ni usalama: kule juu maji ya moto yakichomoka hayadondoki chini, yanaelea kama mpira hadi yampate mtu au yaingie kwenye mitambo.

Lakini mimi naona ajabu kubwa zaidi ni kikombe. Kwa miaka mingi kahawa ya angani ilinywewa kwa mrija kutoka kwenye mfuko, na mtu hapati harufu, wakati sehemu kubwa ya ladha ya kahawa iko puani. Mwaka 2008 mwanaanga Mmarekani Don Pettit alichukua karatasi ya plastiki angavu, akaikunja ikawa na umbo la tone la machozi ukiitazama kutoka juu, akaifunga kwa utepe wa gundi. Ile kona kali ya ndani ndiyo inayofanya kazi. Maji hupenda kuushika ukuta, na kuta mbili zikikutana kwa pembe nyembamba, kimiminika hujivuta chenyewe kuifuata kona hadi mdomoni pa kikombe, bila uzito wowote wa kukishusha. Unaweka midomo, unafyonza kidogo, na kahawa nyingine inapanda kujaza nafasi.

Mezani unaweza kuonyesha kanuni hiyo kwa vioo viwili bapa. Visimamishe wima kwenye sahani ya kahawa, vigusane upande mmoja, na upande wa pili uvitenganishe kwa njiti ya kiberiti. Kahawa itapanda kwenye mpindo, juu zaidi pale vioo vinapokaribiana. Ikigoma kupanda, vioo vina mafuta ya vidole. Vioshe kwa sabuni na usuuze vizuri.

SevaMoja

Usisahau birika lililoanzisha kamera za mtandaoni. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, watu waliokaa vyumba vya mbali walikuwa wakipanda ngazi na kukuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika lililokuwa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room, wakaandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta za wenzao. Picha ilikuwa ya kijivu, pikseli 128 kwa 128, ikibadilika kama mara tatu kwa dakika. Ni ndogo, lakini inatosha: birika hujaa polepole, na swali ni moja tu, ipo au haipo. Mwaka 1993 ikaunganishwa na wavuti, watu wa dunia nzima wakawa wanalitazama. Ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na birika, aina ya Krups, likauzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa pauni 3,350. Mnunuzi alikuwa Spiegel Online ya Ujerumani.

Jirani yake ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta, ya kuamrisha birika la kahawa kupitia intaneti. Larry Masinter aliichapisha tarehe 1 Aprili 1998 kama RFC 2324 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), mzaha wa siku ya wajinga ulioandikwa kwa ukamilifu wote wa waraka wa kiufundi. Ina amri ya BREW ya kuanza kupika, na msimbo wa kosa 418: ukiliamuru birika la chai lipike kahawa, linajibu kwamba lenyewe ni birika la chai. Mwaka 2014 ikaongezwa RFC 7168 kwa ajili ya chai. Namba 418 hadi leo imetengwa kwenye kanuni rasmi za HTTP, itifaki ya wavuti, isipewe kazi nyingine. Waonyeshe wanafunzi waraka wenyewe, kurasa zake ni chache na zinasomeka.

Kaskazi72

Asanteni sana, haya ndiyo niliyoyataka. Ile ya vioo viwili naichukua. Kuna nyingine za mezani? Na ile habari ya mfalme wa Uswidi na wafungwa mapacha, niiweke au niiache?

MizaniYaMaji

Za mezani zipo tatu nzuri, na zote zina utafiti nyuma yake.

Sauti inayopanda. Mimina maji ya moto kwenye kikombe kizito cha kauri, tia kijiko kimoja cha kahawa ya kuyeyuka, koroga, kisha mara moja anza kugonga sakafu ya kikombe kwa ncha ya kijiko, kwa mpigo uleule. Sauti inaanza nzito, halafu inapanda na kupanda kwa muda wa nusu dakika au zaidi. Koroga tena, inashuka. Unga umeingiza viputo vidogo vya hewa majini. Sauti husafiri kama meta 1,480 kwa sekunde katika maji na 340 katika hewa, lakini mchanganyiko wa maji na viputo huwa mlegevu kama hewa na mzito kama maji, na kasi inaweza kuanguka chini ya meta 100. Kasi ikishuka, mlio wa safu ile ya maji unashuka nayo; viputo vikitoka, unarudi juu. Frank Crawford aliueleza mwaka 1982. Haifanyi kazi kwa kahawa iliyochujwa, kwa sababu haina hewa ya kutosha. Kikombe cha plastiki nacho hakilii vizuri.

Doa la duara. Tone la kahawa likikauka, kingo huwa nyeusi na katikati hafifu. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake walieleza sababu katika jarida la Nature: ukingo wa tone hung'ang'ania mahali pake, maji huvukizwa kwa kasi zaidi pale ukingoni, na maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, yakibeba chembe. Weka tone moja kwenye kioo safi na jingine kwenye karatasi iliyopakwa nta. La pili litajikusanya likikauka na kuacha nukta badala ya pete, kwa kuwa ukingo wake unateleza. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba chembe zenye umbo la yai hukwama juu ya tone na kuzuia pete. Wenye viwanda vya rangi na wino wanalifuatilia jambo hili kwa makini.

Kahawa inayomwagika ukitembea. Rouslan Krechetnikov na Hans Mayer walichapisha utafiti wao mwaka 2012 na wakapata tuzo ya Ig Nobel, ya tafiti zinazochekesha kisha zikafikirisha, mwaka huohuo. Kikombe chenye kipenyo cha sentimeta 7 kina mtikisiko wake wa asili wa karibu mara 3.6 kwa sekunde, na hatua za mtu ni mara 1 hadi 2.5. Namba hazilingani kabisa, lakini kila hatua huleta mishtuko midogo ya haraka inayogusa mtikisiko ule, na mawimbi yanakusanyika. Kwa kawaida inamwagika kati ya hatua ya 7 na ya 10. Anza kutembea polepole, kitazame kikombe, na acha nafasi juu. Ukipata povu, kazi imekwisha: tabaka tano tu za viputo hupunguza wimbi karibu mara kumi, ndiyo maana kahawa ya maziwa yenye povu haimwagiki hovyo. Wanafunzi wabebe vikombe viwili vya maji yaliyopoa, kimoja na povu la sabuni, wahesabu hatua.

ChumbaCheusi

Kwa klabu ya picha, ajabu lenyewe ni kusafisha filamu nyeusi-nyeupe, yaani kuifanya picha iliyopigwa ionekane, kwa kahawa. Lilianza mwaka 1995 katika darasa la Scott Williams, Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani. Mchanganyiko huitwa Caffenol, na huu hapa ndio uliozoeleka zaidi, kwa lita moja: magadi ya kufulia makavu (sodiamu kaboneti) gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya kuyeyuka gramu 40.

Yeyusha magadi kwanza kwenye mililita 750 za maji. Yanatoa joto, subiri yawe maangavu na yapoe. Kisha vitamini C, itatoa povu kidogo. Mwisho kahawa. Ongeza maji hadi lita moja, acha dakika 5 hadi 10 viputo vitoke, hakikisha joto ni nyuzi 20. Safisha dakika 15: geuza tangi mfululizo nusu dakika ya kwanza, halafu mara tatu kila dakika. Mwaga, suuza kwa maji matupu mara kadhaa mpaka yatoke meupe, kisha fiksa ya kawaida (dawa ya kuidumisha picha) na kuosha kama siku zote. Usitumie dawa ya asidi ya kusimamisha, kwa kuwa asidi na magadi hutoa gesi, na viputo ndani ya utando wa filamu huacha vitobo.

Makosa karibu yote yako kwenye magadi. Ukitumia soda ya kuokea, filamu itatoka tupu au hafifu sana, maana pH yake ni kama 8 na hapa inatakiwa karibu 11. Inaweza kugeuzwa: itandaze kwenye sinia, iweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, ukoroge katikati. Gramu 86 za soda hubaki gramu 54 za magadi. Pima uzito kabla na baada, ukiona haijapungua kwa asilimia 37 irudishe ndani. Kosa la pili ni magadi yenye maji ndani yake. Yale ya fuwele kubwa angavu ni yenye maji mengi, na unahitaji gramu 146 kupata kazi ileile ya gramu 54.

Filamu za ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga) na kuendelea hupata ukungu wa kijivu kila mahali. Ongeza gramu 1 ya potasiamu bromidi, au gramu 10 za chumvi yenye madini joto. Chagua kahawa ya bei ya chini yenye robusta nyingi, ina asidi zaidi za kazi hii. Itumie ndani ya saa moja baada ya kuchanganya, kisha imwage. Harufu ni mbaya, fungueni madirisha, vaeni glavu, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

MdilaMkubwa

Mwalimu, kuhusu mapacha wa Gustav III, mfalme huyo wa Uswidi: simulizi hiyo, mmoja anyweshwe kahawa na mwingine chai mpaka ionekane nani anakufa kwanza, haina ushahidi wa nyaraka za wakati ule. Iweke kwenye ngano, au uiache. Lililo na hakika ni kwamba Uswidi ilipiga marufuku kahawa zaidi ya mara moja kuanzia 1756. Na Prusia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, ni kali zaidi: mwaka 1781 mfalme Friedrich II aliifanya kazi ya kukaanga kahawa kuwa ya serikali, kisha wanajeshi wastaafu wenye ulemavu wakaajiriwa kupita mitaani wakinusa nani anakaanga kwa siri.

Rekodi ya kusikitisha ni ya Brazil. Bei ilipoporomoka baada ya 1929, serikali iliteketeza takribani mifuko milioni 78 ya kilo 60 kati ya 1931 na 1944, nyingine ikachomwa kama kuni kwenye injini za treni. Hiyo ni tani milioni 4.68 za jasho la wakulima. Waandikie wanafunzi tarakimu hiyo kwa ukubwa.

Ya bei: Agosti 2025, kwenye mnada wa Best of Panama, kilo 20 za Geisha, aina ya arabika, ya shamba la Hacienda La Esmeralda ziliuzwa dola 30,204 kwa kilo. Buni hupoteza kama asilimia 14 ya uzito ikikaangwa, hivyo kikombe kinachotumia gramu 15 za kahawa iliyokaangwa kinabeba buni ya kama dola 527 kabla hata maji hayajachemka. Mti wenyewe asili yake ni misitu ya Ethiopia.

PunjeKwaPunje

Ongeza na spishi. Coffea charrieriana ya Kameruni, iliyoelezwa kisayansi mwaka 2008, haina kafeini kwa maumbile yake. Coffea stenophylla ilipatikana tena msituni Sierra Leone mwaka 2018. Matunda yake yakiiva ni meusi, ladha inakaribia arabika, na inastahimili wastani wa joto ulio juu ya ule wa arabika kwa zaidi ya nyuzi 6. Kwangu hii ndiyo habari kubwa kuliko kikombe chochote cha tangi.

Kaskazi72

Shukrani nyingi wakuu. Swali la mwisho kwa ChumbaCheusi: kahawa iliyotolewa kafeini itasafisha filamu, au niitafute ya kawaida tu?

ChumbaCheusi

Itasafisha. Kafeini haihusiki na picha. Kazi inafanywa na asidi ya kafeiki na jamaa zake, ambazo hubaki kahawani hata kafeini ikitolewa. Ila nguvu hutofautiana kati ya aina na aina, kwa hiyo kabla ya kutia filamu iliyopigwa, kata kipande cha sentimeta 3 cha mwanzo wa filamu, ule uliokwisha kuona mwanga, ukitumbukize kwenye mchanganyiko taa zikiwa zinawaka. Kikianza kuwa cheusi ndani ya dakika moja au mbili, endelea. Kikibaki kilivyo baada ya dakika tano, rudi ukague magadi kwanza, kahawa baadaye.